Kabla ya Mkasi: Mwongozo Kamili wa Kutumia Mazoea ya Cherehani Katika Maisha ya Kila Siku

Mwezi wangu wa tatu wa kujifunza ushonaji, kwenye kibaraza kimoja cha Ngamiani, Tanga, nilikata mikono miwili ya kushoto. Kitambaa kilikuwa satini ya bluu ya mteja, gauni la harusi ya mdogo wake. Satini ina uso na mgongo: upande mmoja unang'aa, wa pili umefifia. Nilikata mkono wa kwanza, nikauweka kando, nikarudisha kiolezo palepale bila kukigeuza, nikakata wa pili. Ulipofika wakati wa kuipachika, mkono mmoja ulikaa begani vizuri. Mwingine ulikubali kukaa pale tu mgongo wake uliofifia ulipotazama nje. Na kitambaa kilichobaki hakikutosha kukata hata nusu ya mkono mwingine.

Mwalimu wangu hakunigombeza. Aliiweka mikono ile mezani, pembeni akaweka kola niliyoishona kombo asubuhi hiyohiyo, akaniuliza, "Mwanangu, kipi hapa kinafumuliwa?"

Kola tuliifumua, nikaishona upya, na hakuna aliyejua. Kwa mikono, ilibidi mteja aitwe, aelezwe ukweli, na mimi nikanunua kitambaa kingine kwa nauli yangu ya wiki mbili. Yale yalikuwa makosa mawili ya siku moja, ya mikono ileile, lakini moja lilinigharimu robo saa na jingine wiki mbili za kutembea kwa miguu. Tangu hapo, kila jambo zito linapokuja mbele yangu, la dukani au la nyumbani, najiuliza swali lile kwanza. Mazoea kama hayo ya cherehani nayaandika hapa kwa utaratibu, ili hata mtu ambaye hajawahi kukalia cherehani aweze kuyatumia.

Hatua ya 1: Tenganisha bandi, mshono na mkasi

Bandi ni ile mishono mirefu ya mkono tunayopiga kushikiza nguo kabla ya kuishona. Unavuta uzi, inatoka yote, kitambaa kinabaki kama kilivyokuwa. Mshono wa cherehani nao unatoka, ila kwa kazi, na unaacha vitundu. Mkasi hautoki. Mambo ya maisha nayo yako hivyohivyo, shida ni kwamba hayaji yameandikwa jina.

Chukua karatasi, igawe safu tatu. Andika kila uamuzi unaokusubiri mwezi huu, kila mmoja kwenye safu yake. Kujaribu kuuza maandazi Jumamosi mbili ni bandi. Kupanga chumba kwa mkataba wa miezi sita ni mshono: ukikosea utaumia, lakini utatoka. Kuuza kiwanja, kuweka hati ya nyumba dhamana, kumdhamini mtu mkopo, kumtumia fedha zote za akiba mtu usiyemjua vizuri, hayo ni mkasi. Na maneno mengine ni mkasi vilevile. Kumwambia mtoto mbele ya wageni kwamba hana akili, hilo halirudi hata ukiomba radhi jioni.

Ukishaandika utaona jambo ambalo mimi naliona kila wiki kwa wateja na kwangu mwenyewe: nguvu zetu tunazipeleka kusiko. Mtu anazunguka maduka manne, siku tatu, kuchagua rangi ya pazia, nalo pazia likimchosha atalibadilisha. Mtu huyohuyo anasaini fomu ya udhamini akiwa amesimama mlangoni, ufunguo mkononi, kwa sababu rafiki ana haraka.

Basi weka kanuni mbili. Jambo la bandi lifanye leo, usilijadili sana. Jambo la mkasi lilale usiku mmoja, kisha mtu wa pili alisikie likisomwa kwa sauti. Kwenye meza yetu, kitambaa cha bei kikitandazwa, nasoma vipimo kwa sauti na mwenzangu anafuatilia kwenye daftari: bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu. Mara nyingi ni sikio linalogundua kosa, jicho likiwa limeshapita. Fanya hivyo na mkataba. Msomee mkeo, mumeo au dada yako mstari kwa mstari. Ukifika mahali sauti inapokwama, hapo ndipo pa kuuliza.

Hatua ya 2: Loweka kitambaa kabla ya kukikata

Pamba hurudi. Kiwandani nyuzi zake zimevutwa na kunyooshwa, na zikikutana na maji mara ya kwanza zinalegea, kila uzi unarudi kwenye urefu wake. Ukishona kabla ya kuloweka, nguo itarudi ikiwa tayari mwilini mwa mteja: mkono unapanda juu ya kifundo, kifua kinabana. Ndiyo maana kitambaa cha pamba nakiloweka usiku mmoja, nakianika kivulini, nakipiga pasi, ndipo nachukua chaki. Nakipa mapema yale yatakayokipata baadaye.

Watu wengi wakisikia habari ya kuloweka wanafikiri maana yake ni kusubiri. Kusubiri peke yake hakufanyi kitu, kitambaa kikikaa kabatini mwaka mzima kitarudi tu siku ya kwanza kufuliwa. Unachotakiwa kufanya ni kulitia jambo kwenye maji yake halisi kabla hujafunga mlango wa kurudi.

Unatafuta nyumba? Usiishie kuiona Jumapili saa nne asubuhi. Nenda usiku usikie muziki wa jirani, nenda siku ya mvua uone maji yanapita wapi, fungua bomba. Umepata kazi mbali na nyumbani? Siku moja ya kawaida panda daladala saa kumi na mbili asubuhi mpaka mlangoni pa ofisi, urudi saa kumi na moja jioni, ndipo useme ndiyo.

Kwa mkopo, njia ni hii, na ningependa kila mtu aijaribu: ishi na marejesho kabla ya kuchukua fedha. Nilitaka mashine ya ovaloki, ile ya kufunga kingo za kitambaa zisichanuke. Marejesho yangekuwa shilingi 40,000 kila Jumatatu. Kwa wiki nane, kabla sijasaini chochote, nikawa naweka 40,000 kila Jumatatu kwenye akaunti nisiyoigusa, kama vile nadaiwa. Wiki tatu za kwanza zilikwenda vizuri. Ya nne iliangukia baada ya Idi, wakati wateja hupotea kabisa, nikashindwa. Nikaweka 25,000, na wiki zilizofuata vilevile, maana huo ndio uliokuwa uwezo wangu wa kweli. Mwisho wa wiki nane nilikuwa nimejua mambo mawili: kwamba ule mkopo ungenivua nguo, na kwamba nina shilingi 245,000 mkononi. Nilinunua mashine iliyotumika kwa kuongezea kidogo tu.

Hatua ya 3: Pima mwili, usiulize saizi

Mteja ukimuuliza anavaa saizi gani atakutajia ya miaka mitano iliyopita. Na ukimfunga futi kiunoni atavuta tumbo ndani. Kila mtu hufanya hivyo, si uongo, ni mwili wenyewe unaona haya. Dawa yake ni kumpa mazungumzo, umuulize habari za watoto, asahau, apumue. Hapo ndipo unasoma namba.

Unapotaka kujua fedha zako zinakwenda wapi au siku yako inaliwa na nini, utavuta tumbo vilevile. Ukianza kuandika matumizi, siku ya kwanza tu utajibana, na daftari litakuonyesha mtu asiyekuwa wewe. Kwa hiyo andika siku saba bila kurekebisha chochote. Nunua soda kama unavyonunua. Kaa na simu kama unavyokaa. Andika tu, kila kitu, hata shilingi 200 za barafu za mtoto. Kuhukumu kuna wiki yake, ni ile inayofuata.

Kagua na futi yenyewe. Futi za kitambaa huvutika zikizeeka, na fundi akaendelea kukosea kwa uaminifu kabisa. Yangu naiweka juu ya rula ya chuma kila baada ya miezi michache. Nyumbani, futi iliyovutika ni kujipima kwa jirani, au kwa picha za watu kwenye simu.

Kisha ongeza nafasi ya kupumua. Kifua kikiwa inchi 36, kitambaa kisichovutika hukati 36. Unakata 38 au 39, la sivyo mtu hawezi kuinua mkono. Safari ya dakika 40 ipe saa nzima. Bajeti ya sherehe iliyojaa mpaka shilingi ya mwisho tayari imeshapasuka begani, bado tu haijavaliwa.

Hatua ya 4: Piga bandi kwa uzi wa rangi nyingine

Kwenye kitambaa cheupe napiga bandi kwa uzi mwekundu. Sababu ni moja: nione vizuri kipi ni cha muda, nikivute chote bila kubakiza. Bandi ya uzi mweupe kwenye kitambaa cheupe hupotea, inashonewa humohumo, na nguo inakakamaa usijue kwa nini.

Mabadiliko ya nyumbani yanataka uzi mwekundu. Tulipoamua kwamba kijana wangu wa miaka 16 apike chakula cha mchana cha Jumamosi, tuliambizana wazi: ni majaribio, wiki nne, na tarehe ya kukaa chini kuzungumza ikaandikwa kwenye kalenda ya ukutani. Kwa sababu alijua kuna tarehe, hakununa. Na mimi nilivumilia wali mbichi wa wiki ya kwanza. Ilipofika siku yenyewe, kupika kulibaki, lakini kwenda sokoni tulikuvuta, maana alikuwa anarudi na nyanya zilizopondeka na bei ya mgeni. Majaribio yasiyo na tarehe hugeuka desturi bila mtu yeyote kukubali.

Hatua ya 5: Acha pindo

Nguo ya dukani ikiletwa kuongezwa, mara nyingi nafumua pembeni nakuta hakuna kitu, pindo, yaani kitambaa cha ziada kilichofichwa ndani, ni la nusu sentimita. Hapo hata fundi mwenye miaka arobaini kazini hana la kufanya. Mimi naacha inchi nzima ubavuni na mbili chini.

Katika fedha, pindo ni kiasi kisicho na jina: si ada, si kodi, si dharura ya aina fulani. Katika maneno, ni kujizuia na "kamwe" na "siku zote". Ukimwambia mumeo "wewe siku zote hunisikilizi", umekata mpaka ukingoni.

Hatua ya 6: Uzi ukijikusanya chini, tazama juu

Hili ndilo linalowatesa wanafunzi wote. Unashona, unageuza kitambaa, chini kuna kichaka cha uzi. Mwanafunzi anakimbilia bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini. Anaitoa, anaisafisha, anaikaza, anairudisha, kichaka kilekile. Karibu kila mara kosa liko juu. Uzi wa juu unapita katikati ya sahani mbili ndogo zinazoubana, na sahani hizo hufunguka mguu wa cherehani, kile chuma kinachokandamiza kitambaa, unapoinuliwa. Ukipitisha uzi mguu ukiwa chini, hauingii katikati, unapita juu juu. Hakuna kinachoubana, kwa hiyo unamwagika chini. Inua mguu, toa uzi, upitishe upya kuanzia kwenye kibiringo cha uzi hadi tundu la sindano, kichaka kinakwisha.

Nilichukua miaka kuona kwamba nyumbani kwangu nilikuwa nahangaika na bobini. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu tuligombana na binti yangu kwa sababu ya viatu. Nikamkemea, nikamwahidi zawadi, nikamnunulia viatu vya kubandika badala ya kamba, ugomvi uleule. Siku moja nikaifuata njia ya uzi kuanzia kibiringo. Kiatu kimoja hakionekani asubuhi. Kwa nini? Kilibaki uani. Kwa nini uani? Alivua akacheza mpaka giza. Kwa nini hakukichukua? Kwa sababu nikifunga kazi saa mbili usiku naingia nyumbani moja kwa moja jikoni, na hakuna anayemwambia aingize vitu vyake kabla giza halijaingia. Kichaka kilionekana asubuhi, uzi ulipitishwa vibaya jioni. Sasa kijana anapita uani saa kumi na mbili jioni na mdogo wake, wanaokota kila kitu. Basi.

Wewe fanya hivi: andika tatizo mahali linapoonekana, chini yake andika kilichotangulia, chini yake kilichotangulia hicho, mpaka ufike mahali mkono wako unafika. Ukishafika, badilisha kitu kimoja tu. Fundi anayebadilisha sindano, uzi na mkazo kwa pamoja, mashine ikitulia hajui nini kimeiponya, na ikiharibika tena anaanza sifuri.

Hatua ya 7: Jifunze kufumua

Asiyejua kufumua huvuta, na kitambaa kinachanika. Mwenye kujua anakata kwa ncha ya wembe mshono mmoja, anaruka mitatu, anakata mwingine, upande mmoja tu. Kisha anageuza na kuvuta uzi wa upande wa pili, unatoka mzima, laini. Anaokota vipande vya uzi vyote. Halafu anapiga pasi. Hatua hii ya pasi wanafunzi huiruka, nao hushangaa mshono mpya unarudi kwenye njia ya zamani. Sindano hupenda vitundu vilivyopo na mkunjo uliozoeleka.

Ugomvi unafumuliwa namna hiyohiyo. Kwanza tafuta mshono wenyewe: si tabia yake yote, si mama yake, si ya mwaka juzi. Ni sentensi ipi, siku ipi. Nenda useme hiyo tu: "Jana nilipokujibu vile mbele ya wifi nilikosea." Ukiongeza "lakini na wewe", umevuta kitambaa. Pili, okota nyuzi: kama kuna aliyesikia lile tusi, naye asikie radhi. Tatu, pasi. Msikae siku hiyohiyo kulizungumzia upya jambo lililowagombanisha. Pisheni siku mbili tatu za mambo ya kawaida, chai, soko, habari za mtaa, mkunjo ulale. Nimeona ndugu wakipatana vizuri kabisa saa tisa na kugombana upya saa kumi, kwa sababu walirudi kwenye hesabu za urithi pasi ikiwa bado baridi.

Hatua ya 8: Andika ahadi kwa siku, si kwa matumaini

Hapa nazungumza na moyo mzito, maana ufundi wetu umejenga jina baya. "Njoo kesho" imewaliza watu wengi mkesha wa Idi. Mafundi wengi hawasemi uongo kwa makusudi. Fundi anamwona mteja, anampenda, anaona ile nguo moja tu iliyo mbele yake na kusahau kumi na nne zilizo kwenye mfuko.

Mimi nahesabu hivi: gauni moja la kawaida linakula siku yangu moja. Daftari lina tarehe, na kila tarehe ina mstari mmoja tu. Mteja akija naonyesha ukurasa, tunatafuta pamoja mstari mtupu. Kazi za Idi nafunga kupokea ikifika tarehe 15 ya Ramadhani. Na nikiona sitafika, napiga simu siku mbili kabla, sisubiri mtu aje na mkoba.

Ahadi za nyumbani zitengenezee daftari lilelile. Ukitaka kumwambia mzazi utamtembelea, fungua kalenda kwanza, kisha taja siku. Ukiona hutaweza, sema mapema, kabla hajaanza kupika.

Mahali mtu asipokuwa kitambaa

Kitambaa ukishakiloweka, kurudi kwake kumekwisha kwa sehemu kubwa. Mtu hubadilika kila mwaka, na mtoto kila muhula, kwa hiyo vipimo vya daftari la zamani vitakudanganya hata kama viliandikwa kwa uangalifu. Sketi ya shule ya binti yangu niliishona na pindo la inchi nne chini. Nimeishusha mara tatu. Kila nilipoishusha ulibaki mstari hafifu pale mkunjo ulipokuwa, na pasi haijaweza kuuondoa. Mara ya tatu sikumpima, nilikisia kwa kuangalia mara ya pili, ikawa fupi kwa inchi mbili, akaivaa muhula mzima akiivuta chini bila kuniambia.

Mwaka huu pindo limekwisha. Jumamosi, chakula cha mchana kikishaliwa, tutakwenda wote wawili dukani kununua kitambaa, na nitampima akiwa amesimama mbele yangu, anapiga soga, tumbo limelegea.